Kwa Esta, juu ya shamba ya Konsesa

Dada Esta,

Leo ni Siku ya Mungu. Tumetoka kanisani, na miye nimeketi mulangoni pangu na kalamu ya risasi. Hii karatasi nimeipasua nyuma ya kaye ya masomo ya mutoto. Usicheke maandiko yangu, wewe njo ulinifundisha.

Tangu tukuzike hapa Nyabiondo, maharagi yamevunwa na sasa tunapanda tena. Kwenye benchi yetu hakuna muntu anayeketi nafasi yako. Kisimani naenda peke yangu, narudi peke yangu, na nikifika kwa ile jiwe ya kupumzikia nasimama kama mujinga nikingoja unipe habari. Nimechoka na ukimya. Na wiki hii wamama wa kanisa hawanisalimu hata kidogo. Nikueleze sababu.

Unakumbuka ugomvi wetu. Wamama tulikuwa tunalimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Ukasema tumuweke na Konsesa kwenye zamu, yule bibi ya muntu mumoja kati ya wale Leta, serikali ya wazungu, iliwaleta kutoka Rwanda. Lakini shamba walimupa ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa ameipumzisha kwa ajili yetu, Leta ikaikata bila kumuuliza. Nilisema mbele ya wote: jembe yangu haitaingia pale. Ukanijibu, "Shamba ilikamatwa na Leta, si Konsesa. Leta tutaiuliza. Huyu mama atakula nini?" Nikasema unapenda wageni kuliko ndugu. Ukacheka ile kicheko yako ya puani. "Hata mbuzi anapenda watoto wake, Rakeli. Yesu hakufa juu ya hiyo."

Zamu ya Konsesa ilipofika, wamama walinifuata miye. Wote. Ulienda peke yako, mvua ikakunyeshea muchana wote, na miye nilikuwa nakuona kutoka kilimani, nakula mahindi ya kuchoma. Kisha kichomi kikakukamata, na wiki moja tu ukaenda. Wanasema Mungu alikuita. Miye najua kama tungekuwa wamama kumi, kazi ingeisha mbele ya mvua. Nisamehe. Nilishindwa kukuambia wakati ulikuwa bado unapumua.

Sasa sikia. Bwana ya Konsesa alikamatwa akapelekwa Walikale, kwa kazi ya barabara. Shamba ya lazima, ile ya muhogo Leta inalazimisha kila nyumba kulima, iko kwenye udongo ule wa baba, na imebaki pori. Kapita, musimamizi wa Leta wa mashamba, amesema Jumatatu atakuja kuangalia, na akikuta haijalimwa atamufunga bibi pahali pa bwana, na mutoto mugongoni. Leta inajua vizuri yule muntu iko wapi, Leta njo ilimupeleka.

Alhamisi nilikamata jembe. Kwanza nilipita mulango kwa mulango kuwaita wamama, hakuna aliyetoka. Mumoja aliniuliza kama nimesahau baba yangu. Nikaenda vile vile.

Konsesa aliniona na jembe. Aliingia ndani, akaanza kutoa vyungu na mukeka, akaviweka njiani, akafunga mutoto mugongoni. Alifikiri nimekuja kumufukuza. Esta, haya ilinishika. Miaka hii yote nilikuwa muntu wa namna hiyo machoni pake, na tulikuwa tunakula meza moja ya Bwana. Niliinama tu, nikaanza kulima. Nyuma kidogo nikasikia jembe yake karibu na yangu.

Tumelima siku tatu. Hatuongei sana. Anaimba nyimbo zetu za kanisa na maneno ya kwao, na sauti yake si nzuri kama yako. Leo hatukulima kwa sababu ni Siku ya Mungu. Labda wewe ungelima, sijui, hakuna muntu wa kuuliza. Kipande kikubwa kimebaki, na kapita anakuja kesho.

Kwa hiyo kesho nitasimama pale pamoja naye. Nitamwambia kapita bwana ya Konsesa iko kwenye barabara yenu, musimufunge bibi. Tena nitamwambia udongo huu ni wa baba yangu, muliukamata bila kuuliza, na hiyo neno nitaipeleka mupaka kwa muzungu wa Leta. Wamama wanasema nichague moja, ao kumutetea Konsesa ao kudai shamba. Wewe ungenielewa, na hauko. Naogopa fimbo, dada. Naogopa sana, na mume wangu anaangalia moto tu.

Basi lala, Esta. Kama ulipo kuna kisima, nichungie nafasi. Na nakuahidi hivi: kesho wakimufunga Konsesa, nitanyoosha mikono yangu wanifunge kamba ile ile, na mutoto nitamubeba miye.

Rakeli wako