Maharage ya Pumzi za Mama

Bagara, Babati
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Skola,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha, maana ndivyo mama alivyotulea. Nawe umpigie mama goti kwa niaba yangu, umwambie shikamoo yake ameileta binti yake wa mbali. Hamjambo wote hapo Mbinga? Kahawa imechanua? Na yule jogoo mkorofi bado anatamba uani, au mlishamkaribisha padre kwa mchuzi wake? Mimi ni mzima wa mwili.

Mama, hapa Babati mvua zimechelewa. Upepo unaoshuka kutoka mlima Kwaraa unanikumbusha baridi ya nyumbani, ila vumbi la barabara kuu hili hulijui, linaingia mpaka kwenye ugali. Samaki wa ziwani wapo, na viboko nao wapo, wanagombania maji na wavuvi kila kukicha. Kinachokosekana ni vitu vya dukani. Sabuni tunaipangia foleni tangu asubuhi, na ikikaribia zamu yako mwenye duka anafunga mlango. Sukari nimesahau hata rangi yake. Gauni langu la kazi lina kiraka mgongoni kilichokatwa kwenye shuka la wodi, na usinicheke, maana wenzangu wana viraka viwili.

Wodi nzima ya wanawake tuna kipima joto kimoja. Kinatoka kwapa hili kwenda kwapa lile, na tunakipokezana kama mtoto mchanga, anayekishika hasemeshwi. Mpira wa kipimo cha presha ulipasuka, fundi baiskeli wa sokoni akauziba kwa kipande cha tyubu. Sasa kila nikiubana, wagonjwa wananiuliza kama nimekuja kuwajaza upepo.

Mama, ule kidogo kidogo, chumvi uiache kabisa, na usimgombeze Skola akikuwekea mito mgongoni. Nakukumbuka kila siku ya Mungu.

Hapa, Skola, acha kusoma kwa sauti. Mwambie mama yaliyobaki ni umbea wa wasichana, uende ukakae jikoni. Yanayofuata ni yako peke yako.

Gaudensi, binamu yetu, amenifikia. Lori lao la ushirika lilikuwa linakwenda Arusha kufuata matairi, akalisimamisha barabarani na kutuma mtu aniite wodini. Nilitoka mbio nikidhani ni salamu. Akatoa mfukoni mwa shati fundo la kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Skola amesema hizi ni pumzi za mama," akaniambia. "Amesema mwenyewe utaelewa."

"Mama analalaje?" nikamwuliza.

"Halali, dada. Anakaa ameegemea gunia. Tukimlaza anasema anazama."

Nilielewa, mdogo wangu. Kwani si mimi niliyekufundisha? Wakati wa likizo yangu nyumbani hapakuwa na saa nyingine, na redio ya baba mdogo ilikuwa haina betri. Nikashika saa yangu, wewe ukasali, tukaona kwamba Salamu Maria nne kwa mwendo wako ni dakika moja. Nikakwambia: mama akiwa ametulia, na hajui kama unamtazama, sali nne, na kila kifua chake kinapoinuka weka harage moja pembeni. Ulicheka sana siku ile. Ulisema ninamfanya Bikira Maria karani wa hospitali.

Niliyahesabu maharage yako palepale kando ya lori, nikayahesabu tena kitandani kwangu. Thelathini na manane. Mtu mzima aliyetulia anatosheka na nusu yake au pungufu.

Basi moyo ukaanza kutafuta pa kujificha. Nikajiambia, Skola huyu simjui? Nilipokuwa nimesimama na saa alisali kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu. Lakini akiwa peke yake na mama anayehema, alisali kweli. Na anayesali kweli hukawia, hurudia, hukwama kwenye neno. Dakika yake ilirefuka, na pumzi zilizozidi zikajiingiza humo. Nilifurahi, Skola. Nilizunguka wodini nikikulaumu kwa furaha, nikisema mtoto huyu kwa ibada yake atatuua kwa hofu.

Nikataka kuhakikisha. Tulikuwa na mgonjwa mmoja wa kijiji cha Mutuka, Mama Paskali, Mwiraqw mwenye shamba la mahindi na maneno machache. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa mama: moyo umechoka kusukuma, maji yamejaa miguuni, ukibonyeza muundi kwa kidole shimo linabaki pale pale. Tulikuwa tumegeuza kiti chini ya godoro lake ili aweze kuketi. Alasiri moja nilikaa kando yake, nikashika mapigo yake kwa mkono wa kushoto, nikaweka saa juu ya shuka, nikasali kama wewe. Sikuigiza. Nilimsalia mama.

Salamu Maria nne zilipita dakika, zikala robo ya dakika iliyofuata. Kumbe nilikuwa nimepatia. Niliporudi chumbani nikatoa maharage manane ya ile robo kwenye fundo lako, nikayaweka kando kama mtu aliyelipwa deni. Kisha nikayatazama yaliyobaki. Thelathini. Bado yalikuwa mengi, mdogo wangu. Hata kwa sala ndefu kuliko zote, bado yalikuwa mengi.

Nimesahau kukuambia jambo moja la pale kitandani. Nilipokuwa nasali, Mama Paskali alifumbua macho.

"Sista, unaniombea ama unanihesabu?"

"Vyote viwili, mama."

"Aa, hapana. Mama yangu alitukataza. Ng'ombe hahesabiwi kwa kidole, na mtoto pia. Unawaangalia tu, unajua nani hayuko. Wewe chagua moja."

Nikacheka, naye akacheka, ila kicheko chake kilikatikia kifuani.

Siku iliyofuata mapigo yake yalikuwa mepesi na ya haraka, yanaruka, yanapotea chini ya vidole vyangu, yanarudi. Presha ilikuwa imeshuka. Nikaubana ule mpira mara ya pili na ya tatu, nikamlaumu fundi baiskeli na kiraka chake kama nilivyoilaumu sala yako. Nikaenda kujipima mwenyewe, kipimo kikasoma vizuri. Mpira ulikuwa mzima. Vidonge vya kumtoa maji viliisha zamani, na gari la wagonjwa limesimama uani bila mafuta, kuku wanatagia ndani. Unajua dalili zote, unazisoma moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma barua, halafu huna jibu la kuandika. Hiyo ndiyo kazi yetu siku hizi.

Saa ya kutazama wagonjwa, binti yake alikuwa ametoka kumkorogea uji. Mama Paskali akaanza kuvuta pumzi kubwa kubwa, kisha kimya, kisha tena. Nilitia saa mfukoni. Nikamshika mkono, nikamsalia, na safari hii sikuhesabu kitu, mpaka pumzi isirudi tena. Binti yake alirudi na bakuli, akanitazama usoni, akaliweka chini polepole.

Skola, mama anakufa. Sijui namna nyingine ya kuliandika, na nisipokuandikia mimi utalikuta mlangoni peke yako. Maharage yale ni ya tangu Gaudensi alipoondoka nyumbani, na njia ilikuwa mbaya, na mafuta waliyasubiri Dodoma, kwa hiyo sijui hata leo mama yukoje. Ninaandika kwa mtu ambaye huenda ameshaondoka.

Nimeomba ruhusa nirudi na lori. Matroni ni mtu mwema, alinikalisha, akanishika bega. Akasema, "Restituta mwanangu, mwenzako amekwenda kujifungua. Ukienda, wodi nimwachie nani?" Nililia mbele yake kama mtoto, kisha nikavaa kofia nikaenda kupima joto. Nawapima mama za watu, Skola, na mama yangu anahesabiwa kwa maharage. Mwenzangu akirudi kazini nitakuja siku hiyo hiyo, hata kwa kudandia gari la ng'ombe. Kama nitamkuta, Mungu anajua.

Sasa nisikilize. Mama asilazwe, aendelee kuketi, mfungulie dirisha apate hewa. Midomo ikikauka, mlowanishie kwa kitambaa. Miguu itapoa kabla ya mikono, mfunike. Pumzi itafika mahali itasimama, halafu itarudi. Usimtikise, wala usipige kelele kumwita. Mwite padre mapema, mama angependa asikie mwenyewe akipakwa mafuta. Hospitali ya misheni walishamrudisha nyumbani, kwa hiyo usijilaumu kwamba hukumbeba tena. Hukukosea popote, hata harage moja. Nimetafuta kosa lako kwa nguvu zangu zote, nikitamani liwepo.

Na usihesabu tena. Mimi ndiye niliyekupa kazi hiyo na mimi ndiye ninayeitua mabegani mwako. Sali Salamu Maria nyingi upendavyo, ndefu utakavyo. Mama akikuuliza unafanya nini, uweze kumjibu neno moja tu.

Nisalimie baba mdogo Kosmas, mwambie nyumba ile ni yake kuiangalia sasa, na betri nikizipata nitamletea. Nisalimie shangazi Yustina, aje alale hapo nyumbani usiwe peke yako, na mzee katekista aliyetufundisha komunyo. Ukirudi ndani, mwambie mama kwamba umbea umekwisha, na kwamba binti yake anampenda. Mwambie kwa sauti, hata kama amesinzia.

Ni mimi dada yako anayekulilia kutoka mbali,
Restituta

Gaudensi anapita kesho akirudi kusini. Nitampa barua hii na maharage yako, fundo lile lile, na yale manane nimeyarudisha humo. Yapike, umpe mama mchuzi. Usiyahesabu.