Mguu wa Bibi Yako na Magari Mawili

Mjukuu wangu Ayikoru,

Salamu kutoka Pajulu. Sisi wazima, bibi yako asubuhi hii amekwenda shambani kwa miguu. Unauliza ununue gari lipi huko Kampala, lile dogo kuukuu au lile kubwa la kifahari.

Miaka ya tisini bibi yako alivunjika mguu kule Koboko. Tuliufunga kwenye ubao mrefu usikunjike. Jirani yetu tajiri akaleta gari lake la viti vya ngozi, atupeleke hospitali Arua. Tulijaribu kila mlango, ubao haukuingia. Bibi yako, machozi yakimtoka, akamwambia, "Mzee, gari yako iko kubwa kwa nje tu!"

Mwalimu mwenzangu akaleta kigari chake. Akafungua mlango wa nyuma, akalaza kiti, mgonjwa akaingia amenyooka, ubao ukichungulia nje. Nani angeushika usirukeruke? Tajiri aliliacha gari lake, akachuchumaa humo nyuma, akaushika mpaka Arua. Alishuka mwekundu kwa vumbi kama tofali.

Nunua ulipendalo. Mimi hadi leo nikiona gari, natazama kwanza mlango wa nyuma. Bibi yako hunicheka; yeye anakumbuka mikono ya yule tajiri.

Ni mimi, babu yako.