Boriti Iliyobaki Uani

Makame mwanangu,

Salamu sijui zinafikaje huko uliko, lakini nakuletea. Sisi hapa Kikwajuni tu wazima, kama huu nao ni uzima.

Boriti yako moja ingalipo uani. Nimeifunika majamvi mvua isiiharibu. Kila asubuhi nafunua pembe nitazame mchwa, kama nilivyokuwa nikikufunua wewe mdogo nitazame homa.

Ulivyoniudhi na boriti hizo! Nyumba nzima mbao. Unaokota makasha yaliyovunjwa kule wanakojenga maghorofa Michenzani, unazipanga mbao fupi fupi ubavu kwa ubavu, kiungo hiki kisikutane na kile, unazipigilia misumari ziwe boriti moja, mpaka jirani anagonga ukuta. Nikakwambia, boriti za mkoko si zinauzwa? Ukasema, "Mama, mkoko haufiki ukuta kwa ukuta. Nikitia nguzo katikati, milango ninayowachongea watu nitaigeuzia wapi?" Ulitaka karakana isiyo na nguzo. Boriti mbili ndefu, bati juu, basi. "Na wewe nitakutilia kibaraza humo, uje unigombeze umekaa."

Nilikugombeza kweli. Vaa viatu, Makame, misumari ya makasha ina kutu. "Naam, mama," kisha unakwenda peku. Ulipochomwa ukanificha. Unachechemea, nakuuliza, unanambia mchubuko tu. Mchubuko! Mpaka taya limekaza, maji hayapiti, ndipo hospitali wakanambia pepopunda. Nina hasira na wewe, mwanangu. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Sasa la siku ya maziko yako hulijui. Nimekaa ndani na wanawake, tunakusomea Yasini, nikasikia uani mbao zinagongwa. Wallahi moyo ulinidanganya. Nilitaka kuinuka nikwambie punguza kelele, kuna wageni. Kumbe ni ami yako Khamis, anafumua boriti ya kwanza. Mbao za viunza, za kukufunikia kaburini, zilikosekana, naye kaona hizi zipo. Kila msumari ukichomolewa unalia. Ulivyoikaza! Hakuna hata mmoja aliyekuja mlangoni kuniuliza. Ningewapa, Makame. Nani angemnyima mwanawe? Lakini wangeniuliza.

Ijumaa iliyopita kaja tena na nyundo yake. Anaitaka ya pili, aezekee banda la mbuzi.

"Shemeji, boriti moja haibebi paa. Imekaa bure tu."

Nikenda nikaikalia.

"Bi Zena, inuka bwana, watu watatucheka."

"Wacheke. Ile ya kwanza hukuniuliza. Hii umeniuliza, basi jibu langu hili: mbuzi hawalali chini yake."

"Utaifanyia nini, mwanamke mzima?"

Hata mimi sikuwa najua, mpaka nilipojisikia nasema: "Siku yangu ikifika, njoo na nyundo hiyo hiyo. Ifumue, unifunikie mimi."

Katoka, hata kofia yake kaisahau juu ya majamvi. Sikumwita.

Basi pumzika, baba. Kibaraza changu hukukitia, na ndani ya kuta za karakana yako sasa wanaanikia nguo. Lakini boriti hii haiguswi na mtu nikiwa hai, nakuahidi. Nitakuja kwako chini ya mbao ulizozipiga mwenyewe, na la viatu hatujalimaliza.

Mama yako,
Zena