Nguzo za Ikulu Ulizozipaka kwa Unyoya

Mpendwa Baba,

Msemaji wa ikulu ya kwetu alitangaza Jumanne kwamba jengo litafunguliwa kama makumbusho, na kwamba nguzo zake nane za mbele ni kazi ya mafundi wa Ulaya. Nilisoma taarifa hiyo kwenye treni. Nilishuka kituo cha Stratford, hapa London, nikampigia msemaji huyo simu kumwambia fundi alikuwa wewe.

"Kaka, una ushahidi?" aliuliza. "Sisi tunafuata nyaraka."

Nyaraka hazisemi kwamba nguzo za gavana wa kikoloni, aliyejenga ikulu ile, zilipomomonyoka, wewe ndiye uliyezijenga upya kwa matofali na chokaa, ukazichora mishipa ya marumaru kwa unyoya wa kuku. Wala hazisemi kwamba kila utawala mpya ulikuita ubandue nembo juu ya mlango na kufinyanga nyingine.

Siku moja uliniingiza kwa lango la nyuma, ukanisimamisha chini ya ngazi.

"Gavana aliziweka nyingi ili raia afike juu anahema, amkute yeye katulia."

"Na marais wetu?"

"Hawajapunguza hata moja!"

Ulicheka mpaka mlinzi akageuka.

Nilipoanza kazi ya uandishi niliandika kwamba marumaru ya ikulu ni chokaa tupu. Jina lako sikulitaja. Ila niliutaja unyoya, na mjini pale aliyepaka kwa unyoya ulikuwa wewe peke yako. Ulifukuzwa kazi wiki ileile.

"Umepata habari yako, bwana mwandishi?" uliniuliza. Hukuniita mwanangu tena. Ulizikwa nikiwa huku London.

Mama anaishi kwangu, Hounslow. Hadi leo anamlaani yule jirani yetu, akiamini ndiye aliyekuchongea. Nimemwacha aamini hivyo miaka yote. Habari ile niliiandika kwa ujinga; hili nimelifanya kwa akili timamu.

Ushahidi pekee ulioandikwa ni habari ile. Ili jina lako liwekwe kwenye kibao cha makumbusho, msemaji anataka nitie sahihi maelezo kwamba fundi wa unyoya alikuwa baba yangu, na kwamba mimi ndiye niliyemwanika. Maelezo hayo yatabandikwa ukutani, watu wayasome.

Sikuombi msamaha. Ulipokuwa hai ulikuwa na simu, nami nilikuwa na namba yako, wala sikupiga.

Mama nitamweleza Jumapili akitoka kanisani. Maelezo yanatakiwa ikulu Jumatatu, saa sita mchana.

Pumzika, Baba.

Mwanao