Leso ya Mwalimu

Mjukuu wangu Kendi,

Natumai baridi ya Timau haijakushinda. Sisi huku Meru ni wazima, na ng'ombe wetu amezaa. Niite tu shosho, yaani nyanya. Niko kidato cha tatu, lakini jina la nyanya yetu ndilo nililopewa.

Umeuliza kwa nini nimemnunia mwalimu wa fizikia. Kwa mashindano ya sayansi nilikipaka kioo rangi inayobadilishwa na mwanga, nikakichora umbo la jani kwa mwanga huo. Jani halionekani kwa macho. Ukimimina juu yake maji mazito yaliyochanganywa na rangi ya kupambia keki, chembe zilizo ndani ya maji hujipanga kufuata mchoro, na jani hujitokeza ukichungulia kupitia vichujio vya mwanga.

Waamuzi wakikaribia, mwalimu alitoa leso mfukoni. "Msichana, unatuaibisha na kioo kichafu." Akakipangusa. Nilimimina maji hivyo hivyo. Mwamuzi akachungulia.

"Jani liko wapi? Naona mistari tu."

"Hiyo ni leso ya mwalimu," nikasema. "Maji yamefuata alikopangusa."

Wakacheka. Mwalimu akacheka kuwashinda. "Leso ipange maji? Huyu husoma mpaka anaota."

Shule nyingine ikaenda mbele.

Kendi, leso hupanga maji, na mwanga hupanga vizuri zaidi. Jumatatu nitampelekea kioo kimoja, nusu nimekipangusa, nusu nimekichora kwa mwanga, achungulie mwenyewe. Salamu zangu atazipata akishaona.

Shosho wako,
Karimi