Riziki, Koko na Kipimo cha Kiuno

Mjini Baraka, Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nguo hazikauki, na moyo wangu nao ni vivyo hivyo.

Leo yamerudi majibu ya damu ya Riziki, binti yangu wa miaka tisa. Damu ilipelekwa Bukavu kupimwa. Daktari alimpima tena kiuno, akakilinganisha na urefu wake, akaguna. Akanieleza kwamba mafuta ya mwili hutoa homoni ya kuuambia ubongo kuwa tumeshiba. Ya Riziki ni nyingi mno, ila ubongo wake umeacha kuisikiliza. Insulini nayo imepanda. Tusipobadilisha chakula, kisukari kinaweza kumpata angali mdogo.

Kumbe si ulafi. Mtoto anasikia njaa kweli.

Shida ni Koko, mama mkwe wangu, ambaye ndiye mpishi wetu. Hapa kwetu mkanda wa rangi wa kupimia utapiamlo tunaujua sote: unazungushwa mkononi mwa mtoto, ukionyesha nyekundu mama analia, ukionyesha kijani anapiga vigelegele. Ni wa watoto wadogo, lakini Koko alibaki na mmoja tangu ukimbizini, na kila Jumapili humpima Riziki. Siku mkanda uliposhindwa kuuzunguka mkono, aliita majirani waje kuona. Kisha akaongeza bugali, ugali wetu wa hapa, na mafuta ya mawese.

Basi leo nikamweleza yote jikoni, polepole. Alinisikiliza huku akichambua ndagala, dagaa wa ziwani.

"Mutoto wa kunona, ata vita ikikuya, atatembea mingi," akasema. "Ule wangu alikuwa mukondefu. Hatukumufikisha ngambo."

Mume wangu alikuwa na kaka aliyefia njiani walipokimbia vita kwenda kuvuka ziwa. Hilo nilijua, lakini Koko hakuwahi kumtaja mbele yangu. Na huko milimani bunduki hazijanyamaza, siwezi kumwambia anaogopa bure.

Tunamwogopea mtoto mmoja, kila mtu na hofu yake.

Jioni Riziki alimaliza sahani, akamnyooshea Koko aongezewe, kama kawaida. Koko akanitazama. Nikatikisa kichwa. Bugali ulikuwepo, bado unatoa moshi. Akaifunika sufuria, akaenda kusimama barazani, akatupa mgongo.

"Mama, nilikosa nini?" Riziki akaniuliza.

Nimemnyima mwanangu chakula, na chakula kipo. Kesho nitatafuta maneno ya kumweleza habari za homoni. Leo nimeweza kumpakata tu, naye bado ana njaa.