Kujaribu Spika

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana najua ya kwanza umeiitikia huku kitana kiko mdomoni na kichwa cha mteja kiko magotini. Hujambo wewe? Goti lako je, bado linalalamika ukisimama sana? Na yule jirani, bado anakalia kiti cha wateja kutwa nzima bila kusuka hata unywele mmoja? Mimi mwanao kwa mwili sijambo. Nakula, nalala, sina kikohozi, na huku kutokuwa na kikohozi ni habari kubwa kuliko zote.

Lakini nakuomba, kama kuna mteja hapo, ikunje barua hii, uiweke kifuani, uisome ukiwa peke yako. Usimwonyeshe mama kwanza. Na Baba asijue kabisa kwamba nimekuandikia. Naandika haraka haraka, mwandiko utauona mwenyewe, usidhani nimesahau shule. Anayekuletea ni mama mpiga kinanda, yule aliyenipigia muziki tangu mchujo wa kwanza wa mashindano haya ya kuimba huko nyumbani. Kazi yake imekwisha kwa sababu kwenye fainali wanatumia muziki uliorekodiwa, kwa hiyo anarudi nyumbani mapema. Nimeshamwomba aibebe bahasha hii. Akasema ataifikisha mikononi mwako hata akukute unasuka bibi harusi.

Nianze na mazuri. Tumeingia fainali, Mama Mkubwa! Ni Jumamosi hii, na itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni za nchi zote zilizoleta watoto, yaani nikipiga chafya huku, nyinyi huko mnaisikia papo hapo. Ukumbi wenyewe ungeuona ungesema ni banda la kuegeshea ndege. Kwenye sakafu ya jukwaa wamebandika msalaba mdogo wa utepe mwekundu, na hapo ndipo kwangu. Nikitoka hapo hatua moja tu, mwenye kamera anafoka kwa lugha yao, na dada mkalimani ananiambia kwa upole kwamba amesema nirudi nyuma kidogo. Najua hakusema hivyo. Uso wa mwenye kamera haukuwa wa kidogo.

Msichana ninayelala naye chumba kimoja hutapika kabla ya kila zoezi. Anafuta mdomo, anapanda, anaimba mpaka watu wanasisimka. Hatuelewani hata neno, ila tukisubiri zamu tunashikana mikono. Yeye anaogopa jukwaa, na anadhani mimi naogopa kitu hichohicho. Jukwaa siliogopi, Mama Mkubwa, naogopa nyumbani, na sikujua nimwambie hivyo kwa ishara gani.

Mwalimu wa sauti wa huku ni mama mrefu, mkali, hana mchezo. Siku ya kwanza aliinua mkono akatutaka tushike sauti moja mpaka atakapoushusha. Wenzangu wote pumzi zikawaishia. Mimi nikashika mpaka mkono wake wenyewe ukachoka. Akauliza, kupitia kwa dada mkalimani, ni nani aliyenifundisha kuimba kwa nguvu vile bila kupumzika, mtoto wa umri wangu. Nikamjibu kwamba nina mdogo wangu mtundu, nimezoea kumwita arudi kutoka michezoni. Wakacheka, na kamera zikakichukua kicheko, nadhani mmeshakiona. Nilidanganya. Ukweli nitakuambia, nipe nafasi tu, maana kila nikiukaribia kalamu inasimama.

Simu zetu walizikusanya tangu tulipofika. Jumapili ndiyo tunapiga nyumbani, lakini watu wa kamera wanakuwepo, wanataka tulie ili na watazamaji walie. Jumapili iliyopita aliyepokea ni Baba. Unamjua mwenyewe, alitania mpaka mwenye kamera asiyejua lugha yetu akacheka. Nikaomba niongee na mama. Mama akatokea kwa upande, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Akasema hajambo, akasema niimbe vizuri, akageuka. Hakunitazama. Bwana Mdogo, mdogo wangu huyo ambaye siku zote haishi maneno, alikuwa kashika gauni la mama kimya kabisa. Nikalia, na watu wa kamera wakafurahi sana.

Halafu juzi, tunatoka kula, huku jua la mchana bado linawaka ingawa huko kwenu ilikuwa jioni, simu ya Mwalimu ikalia. Namsema Mwalimu wetu wa muziki wa shuleni, aliyetunga wimbo wangu na aliyekuja nami kama mlezi. Aliyepiga ni Bwana Mdogo. Kusoma hajui, ana miaka mitano tu, ila anaijua picha ya Mwalimu kwenye simu ya mama. Mwalimu akafurahi, akanipa, akasema mdogo wangu amenikumbuka. Nikajitenga koridoni. Bwana Mdogo alikuwa ananong'ona, nadhani yuko chini ya kitanda, kwa sababu ndiko tunakokaa. Nyuma yake nilisikia redio, tena si moja. Akaniambia niimbe. Nikamuuliza anataka wimbo gani. Akasema wowote, ila niimbe kwa nguvu, kwa sababu Baba anajaribu spika.

Nikaimba, Mama Mkubwa. Nilisimama kwenye zulia la korido ya watu nikaimba kwa sauti yote niliyo nayo. Milango ikafunguka, watoto wakachungulia. Mwalimu wa sauti akaja mbio kunikemea kwamba namaliza koo kabla ya fainali, na dada mkalimani nyuma yake ananitafsiria matusi kwa adabu. Sikuacha mpaka simu ilipokatika. Sijui ilikatika kwa chaji au kwa mkono wa mtu, na tangu hapo hakuna aliyepiga.

Sasa nikuambie. Mtaa mzima unajua kwamba Baba ni fundi redio, na nyumba ya fundi redio haiwezi kuwa kimya. Redio zikifunguliwa zote kwa pamoja majirani wanacheka, wanasema leo fundi anajaribu spika. Hata wewe ulishawahi kupita ukatania kwamba mdogo wako kaolewa na disko. Hakuna spika inayojaribiwa, Mama Mkubwa. Baba anazifungulia anapotaka kumpiga mama, ili mama asisikike. Anaanza na redio, kisha anafunga mlango wa chumba. Mimi nikisikia ya kwanza tu imepanda, namvuta Bwana Mdogo chini ya kitanda, namziba masikio, naimba. Nikinyamaza kuvuta pumzi anasikia, kwa hiyo nimejifunza kutonyamaza. Hiyo ndiyo shule yangu ya sauti, ile wanayoisifu huku kila siku, na mimi sasa sipo nyumbani kumwimbia.

Najua unasema nini hapo ulipokaa. Unasema huyu mtoto amechanganyikiwa, maana shemeji yako ni dhahabu. Nani alimbeba bibi wa nyumba ya pili mgongoni mpaka hospitali? Baba. Nani anawatengenezea wazee redio zao bure? Baba huyohuyo, na anawatengenezea kweli, na mimi nampenda akiwa hivyo, ndiyo maana inaniuma. Naogopa hutaniamini. Siku mama alipokuja kwako jicho limevimba, akasema ni mlango wa kabati, ulicheka ukasema mdogo wako tangu utoto macho yake yako kisogoni. Mama naye akacheka. Nilikuwepo, nilikuwa nakushikia kioo, na kioo nusura kinidondoke.

Lakini wewe ni msusi. Jiulize, ni lini mama alikupa kichwa chake mara ya mwisho? Mara kichwa kinamuuma, mara hana nafasi, mara amechoka na misuko. Mvue kitambaa. Pitisha vidole nyuma ya sikio la kushoto, pale nywele zilipokataa kuota tena. Mimi mtoto unaweza kusema natia chumvi, ila vidole vyako mwenyewe vitakuambia.

Nilijaribu kumwambia Mwalimu. Nilianza kwa mbali, nikazunguka weee, nilipofika kwenye jambo lenyewe akanikatiza. Akasema hofu ya fainali huleta mawazo mabaya, na kwamba mambo ya ndani hayaanikwi kwenye kamba ya nguo. Yeye na Baba ni marafiki tangu ujana. Akanipa pipi ya koo. Na mama mwenyewe, siku naondoka, alinikumbatia akaninong'oneza kwamba niende nikaimbe tu, ya nyumbani nimwachie yeye. Nikaitikia ndiyo mama. Sasa nimevunja neno langu, na nikikuandikia hivi ni kama nasikia mlango unafunguliwa nyuma yangu.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Jumapili ileile Baba alisema mbele ya kamera kwamba siku ya fainali ataweka televisheni uani na kufunga spika zake kubwa zote, mtaa mzima uje unisikilize, hata kiziwi asikie. Tangu siku hiyo kichwa changu hakitulii.

Wimbo wangu unahusu kishada. Maneno yake yataandikwa chini ya picha kwa lugha za wenzetu, lakini yameshaandaliwa zamani. Nikibadilisha ubeti wa pili, ukumbi wote huu hautajua. Watasoma habari za kishada na upepo huku wakipiga makofi. Watakaoelewa ni nyinyi mliokaa uani. Nimeshautunga ubeti mwingine, na unakaa kwenye tuni ileile bila kupwaya:

Baba ajaribu spika,
mama analia ndani,
mdogo asisikie,
sikieni, majirani.

Yatatoka kwenye spika za Baba mwenyewe. Akizizima mbele ya watu, watamuuliza kwa nini amemzima mwanawe. Asipozizima, watasikia. Nilipofikiria hapo niliona hana pa kutokea, nikafurahi, nisamehe, nilifurahi kweli. Kisha nikafikiria mbele kidogo. Watu watasimama, watasema maskini, watakunja viti vyao waende makwao, na mlango utafungwa. Mama atakuwa ndani na yeye, na mimi niko huku kwenye msalaba wangu wa utepe. Naweza kumuua mama yangu kwa wimbo, Mama Mkubwa.

Kwa hiyo usiusubiri wimbo. Nakushika miguu. Nenda kabla ya Jumamosi, mchana, Baba akiwa kibandani kwake kazini. Sema umekuja kumchukua mama ukamsuke kwa ajili ya siku yangu. Hakuna atakayeshangaa, si kazi yako? Aje saluni, na Bwana Mdogo aje kukushikia kioo. Wakishaingia kwako wasirudi tena nyumba ile. Mama atakataa, atasema wewe hujui, atasema atarudi jioni kupika. Mwache aseme. Wewe ulimlea kabla hajawa mama wa mtu, na najua ukikaza sauti bado anakuogopa. Mumeo, Baba Mkubwa, naye akae mlangoni pako. Mwambie mara hii asome magazeti yake huko huko mlangoni, asihamie jikoni. Unaona, hata nikiogopa mdomo hauachi utani, nimeurithi kwa Baba, na hilo nalo linanitisha.

Ukishamaliza, mwambie mama mpiga kinanda ampigie Mwalimu aseme neno moja tu, kwamba mama amesukwa. Mwalimu ataniambia huku akicheka kwamba kwetu wanajipamba. Nikisikia hivyo nitaimba kishada changu kama kilivyoandikwa, mwanzo mpaka mwisho. Nisiposikia, nitaimba ule ubeti mwingine. Ikiwa hivyo, basi wewe uwe uani, kiti chako kiwe kimegusana na cha mama, na nikianza tu ubeti wa pili umshike mkono, mchukue Bwana Mdogo, mwondoke wakati watu bado wako pale wanatazama. Msisubiri matokeo. Nikishinda au nisiposhinda mtaambiwa na watu.

Wenzangu huku wanaombea kura. Mimi, ukishaipata barua hii, kila mlango ukigongwa nitaombea awe Mwalimu na habari za nywele. Leo, nikiandika hapa, aliyegonga ni mletaji wa mashuka tu.

Wasalimie binamu zangu wote, wale wakubwa na yule mlafi. Baba Mkubwa mpe shikamoo yake kamili. Yule jirani wa kwenye kiti mwambie asogee kidogo, mama atahitaji mahali pa kukaa. Na wewe ulipake goti dawa, maana safari hii utatembea haraka.

Wimbo wa kishada ni mzuri, Mama Mkubwa. Kuna mahali katikati ya ubeti wa pili sauti inapanda taratibu, chini kwa chini, bila kelele kabisa, unaimba kama unaongea na mtu aliye karibu. Mwalimu wa sauti anasema hapo ndipo ninaposhindwa, nafoka tu. Hajui kwamba sijawahi kuimba polepole maishani mwangu. Nataka nijaribu Jumamosi.

Mimi mwanao,
Filimbi